Polly Nichols kwenye madaftari ya watu wengine: uchambuzi wa kisa

Gagulo ndilo lililompa jina. Alfajiri ya tarehe 31 Agosti 1888 mwili wa mwanamke ulikutwa Buck's Row, Whitechapel, mashariki mwa London, na kwa saa nyingi polisi hawakujua ni nani. Alikuwa na kitana, leso nyeupe na kipande cha kioo cha kujitazamia. Hakuwa na barua wala cheti. Nguo zilipokaguliwa mochwari ukaonekana, kwenye gagulo, mhuri wa nyumba ya maskini ya Lambeth (workhouse, makao ya umma ya watu wasio na kitu) pamoja na herufi za jengo lake la Prince's Road. Akaitwa mwanamke aliyewahi kukaa humo, akamtazama, akasema huyu ni Mary Ann Nichols. Waliomzoea walimwita Polly.

Tangu hapo wengi wanamjua kwa jambo moja tu, kwamba ndiye wa kwanza kati ya wanawake watano wanaohesabiwa kuuawa na mtu mmoja majira yale, muuaji asiyejulikana aliyekuja kuitwa Jack the Ripper. Muuaji ameshaandikiwa vya kutosha, na hapa simfuatilii. Ninachokichambua ni miaka 43 iliyotangulia usiku ule. Kwa mtu anayemtafuta babu au bibi wa ukoo aliyeharibikiwa na maisha, sijui kisa kinachofundisha zaidi ya hiki. Polly alikuwa mnywaji, na hilo walilisema hata waliompenda. Ndoa yake ilivunjika, watoto wakabaki kwa baba yao. Alilala nje. Alidaiwa kuiba kwa mwajiri. Na karibu kila tunachokijua juu yake kimeandikwa na mtu mwingine, mwenye sababu zake za kuandika.

Sababu hizo ndizo zinazonishughulisha. Mtu aliyeishi kwa utulivu huacha karatasi chache: kuzaliwa, kuoa au kuolewa, kufa. Aliyesumbuka huacha nyingi, kwa sababu kila alipoanguka palikuwa na ofisi iliyotakiwa kutoa pesa, na ofisi inayotoa pesa huandika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza karatasi inasema nini juu ya bibi yako, uliza nani alikuwa alipe siku ilipoandikwa. Ukilishika swali hilo, maisha ya Polly yanasomeka kwa namna tofauti kabisa na ile ya magazeti.

Kabla ya matatizo

Alizaliwa tarehe 26 Agosti 1845, jirani na Fleet Street, eneo la viwanda vya magazeti. Baba yake, Edward Walker, alikuwa fundi wa vitasa, baadaye akawa mhunzi. Tarehe 16 Januari 1864, akiwa na miaka 18, Polly aliolewa na William Nichols, fundi wa mitambo ya uchapaji, katika kanisa la St Bride's, palepale Fleet Street. Wakapata watoto watano.

Sehemu hii haina ugumu. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837, kwa hiyo kizazi chote cha Polly kimo ndani yake. Cheti cha ndoa cha wakati ule kina thamani ya pekee. Kinataja majina na kazi za baba wa pande zote mbili, na kinaonyesha kama bwana na bibi harusi waliweza kutia sahihi au waliweka alama ya msalaba. Ukikipata, una ncha mbili za kamba: ukoo wa mume na ukoo wa mke.

Karatasi ninayoipenda zaidi ya kipindi hiki haihusu kuzaliwa wala kuolewa. Kuanzia mwaka 1876 familia ilikuwa mpangaji wa Peabody Buildings, Stamford Street, kwa kodi ya shilingi 5 na peni 9 kwa wiki. Nyumba hizi zilijengwa na mfuko ulioanzishwa mwaka 1862 na George Peabody, tajiri wa Kimarekani aliyeishi London, na hazikupewa kila mtu. Mwombaji alitakiwa awe na kazi ya kueleweka na mdhamini wa tabia, na walevi wa kupindukia walikataliwa. Maana yake mwaka 1876, miaka 12 baada ya harusi, mtu mwenye mamlaka ya kukataa aliitazama familia hii akaona inafaa. Wanaosimulia maisha ya Polly kama mteremko mmoja tangu mwanzo hawana pa kuliweka jambo hili.

Mwaka 1880

Hapo ndipo ndoa ilipovunjika, na kwenye magazeti kuna masimulizi mawili yasiyopatana. Baba yake aliueleza uchunguzi wa kifo kwamba William alijiingiza na mwanamke aliyekuja kumuuguza Polly wakati wa uzazi. William akakana. Alisema mkewe ndiye aliyemkimbia mara nne au tano, kama si sita, na mara ya mwisho alimwachia watoto watano, mdogo wao akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Na kwamba yeye hakuishi na mwanamke mwingine mpaka muda mrefu ulipopita.

Mtafiti wa ukoo akifika hapa hushawishika kuchagua upande, hasa ikiwa mmoja wa hao wawili ndiye babu yake. Mimi sichagui. Baba alikuwa akizungumza kwa uchungu wa binti aliyelala mochwari. Mume alikuwa akizungumza mbele ya waandishi wa habari waliokwisha kumchapa kama mwanamume aliyemtelekeza mkewe. Mtoto mkubwa wa kiume alikuwa ameshahama kwa baba yake na kuishi kwa babu, na hiyo si kauli ya mtu, ni hatua iliyochukuliwa. Naipa uzito kuliko maneno ya wote wawili, ingawa nayo haisemi nani alianza.

Rejesta inasema hivi: tarehe 6 Septemba 1880 Polly aliingia nyumba ya maskini ya Lambeth, akakaa mpaka tarehe 31 Mei 1881. Sensa ya taifa ilifanyika usiku wa tarehe 3 Aprili 1881, kwa hiyo anayemtafuta kwenye sensa hiyo amtafute humo, miongoni mwa wakazi wa nyumba ya maskini, si kwa mumewe.

Msomaji wa leo akiona "nyumba ya maskini" husikia kuanguka, kana kwamba hakuna kilichobaki. Tuangalie sheria kwanza. Mke aliyeachana na mumewe mwaka 1880 hakuwa na njia nyepesi ya kwenda mwenyewe kwa hakimu kudai matunzo, isipokuwa kama mume ametiwa hatiani kwa kumpiga. Hilo liliruhusiwa na sheria ya mwaka 1878. Mke aliyetelekezwa alipata haki ya kwenda moja kwa moja kwa hakimu mwaka 1886 tu. Kabla ya hapo njia ya kawaida ilikuwa kuomba msaada wa bodi ya maskini, ofisi ya eneo iliyogharamia maskini na kuendesha nyumba hizo. Ukishakuwa mzigo wa bodi, bodi yenyewe ndiyo iliyomfuata mume na kumdai. Kwa hiyo kuingia Lambeth kulikuwa pia mlango pekee wa kisheria uliokuwa wazi kwake. Na ulifanya kazi: William akawa anatoa shilingi 5 kwa wiki.

Tuzipime hizo shilingi 5. Shilingi moja ilikuwa peni 12, basi kwa wiki alikuwa na peni 60. Kodi ya vyumba alivyoviacha Stamford Street ilikuwa peni 69. Kitanda kwenye nyumba ya kulala ya bei ya chini kilikuwa peni 4 kwa usiku, yaani peni 28 kwa wiki, karibu nusu ya matunzo yote, kabla hajala wala kufua. Hesabu hii ndogo inaeleza zaidi ya kurasa za mawaidha kuhusu tabia yake. Hata angekuwa haonji pombe, pesa ile isingempa chumba.

Nani alikuwa alipe

Mwaka 1882 malipo yalikoma. William alipata habari kwamba Polly anaishi na wanaume, akaacha kutoa. Bodi ya Lambeth ikamshtaki arudishe gharama, akajitetea kwa ushahidi wa mwenendo wa mkewe, akashinda. Tarehe 24 Aprili 1882 Polly yumo tena kwenye rejesta ya Lambeth.

Wazo kwamba Polly alikuwa mwanamke wa mtaani lina mzizi mmoja hapa, na kila anayeliandika anapaswa kuueleza. Sheria haikumlazimisha mume kumtunza mke mzinifu. Ushahidi wa uzinzi ulikuwa na bei: shilingi 5 kwa wiki, maisha yote. Sisemi William alidanganya. Ninasema alikuwa na kila sababu ya kuutafuta ushahidi huo, bodi ilikuwa na kila sababu ya kuupinga, na Polly, ambaye maisha yake ndiyo yaliyokuwa yakipimwa, hakuacha neno lake hata moja juu ya jambo hilo. Baada ya kifo, baba yake alipoulizwa kama alikuwa mwanamke wa mambo hayo, alijibu kwamba alikuwa na vijana wa kike na wa kiume aliotembea nao, lakini hajawahi kusikia lolote baya. Baba naye si shahidi asiye na upande. Lakini ni neno la baba dhidi ya neno la mume, na moja tu kati ya hayo mawili lilikuwa na faida ya pesa.

Hali hiyo hiyo utaiona kwenye karatasi ambazo watafiti wa London huzifurahia kuliko zote, zile za kuhoji makazi. Karani alimkalisha maskini akamuuliza amezaliwa wapi, ameolewa lini na kanisa gani, watoto wangapi, alipanga wapi na kwa kodi gani. Ukisoma utadhani mtu amesimulia maisha yake kwa hiari. Hapana. Bodi ilikuwa inatafuta parokia nyingine, yaani eneo jingine lenye wajibu wa kutunza maskini wake, ya kubebeshwa gharama, na mke alihesabiwa mkazi wa parokia ya mumewe. Maswali yasiyohusu malipo hayakuulizwa: uliumia wapi, unampenda nani, unaogopa nini. Karatasi hizo ni za thamani kubwa kwa tarehe na anwani. Moyo wa mtu hazikuugusa.

Kimya cha Walworth

Baada ya kuingia na kutoka mara kadhaa, Machi 1883 Polly alikwenda kukaa kwa baba yake. Haikuchukua muda, wakagombana kwa sababu ya pombe, na asubuhi iliyofuata akaondoka. Mzee alilieleza hilo mbele ya uchunguzi kwa maneno yanayobana koo: hakumfukuza, hakuwa na haja ya kumfukuza, na binti hakuwa na haja ya kuwa katika hali ile ilhali yeye alikuwa na nyumba ya kumweka.

Tarehe 21 Mei 1883 yumo Lambeth. Tarehe 2 Juni anatoka. Kisha rejesta zinanyamaza. Zinanyamaza zaidi ya miaka minne, mpaka Oktoba 1887.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Pengo kwenye nyaraka za mtu aliyesumbuka hujazwa na tunachokihofia: bila shaka alikuwa jela, bila shaka alikuwa amezama zaidi. Kwa Polly tunajua alikokuwa. Alikuwa akiishi Walworth na mhunzi mmoja aitwaye Thomas Drew. Kazi ile ile ya baba yake, kwa maana hiyo nyumba yenye harufu na masizi aliyoyazoea tangu utotoni. Karatasi hazipo kwa sababu hakuna aliyetakiwa kumlipia. Kodi inalipwa, bodi haina cha kuandika.

Na katikati ya kimya hicho kuna mwanga mmoja, nao unatoka kwenye msiba. Mwaka 1886 kaka yake alikufa kwa kuungua, taa ya mafuta ya taa ilipolipuka. Polly alikwenda mazikoni. Baba yake na yeye hawakuwa na maelewano wakati huo, lakini mzee alimwona, na miaka miwili baadaye bado alikumbuka kwamba binti yake alikuwa amevaa kwa heshima. Sentensi hiyo moja kwenye gazeti ndiyo ushahidi bora tulio nao wa miaka minne. Ndugu wa mtu mlevi hawasahau siku waliyomwona yuko sawa.

Ningemwomba kila anayechora mstari wa maisha ya mzee wake ayatazame mapengo kwa jicho hilo. Kwa aliyesumbuka, miaka isiyo na karatasi mara nyingi ndiyo miaka mizuri.

Miezi kumi ya mwisho

Oktoba 1887 Polly na Drew wakaachana, na daftari likafunguka tena kwa kasi. Nyumba ya maskini ya St Giles, usiku mmoja. Kisha ya Strand, kule Edmonton, mpaka tarehe 2 Desemba. Kabla ya Krismasi akakutwa hana kitu, akilala nje Trafalgar Square, akapelekwa Lambeth. Kuanzia tarehe 4 Januari 1888 yuko chini ya bodi ya Holborn, kwenye nyumba yao ya Mitcham na pia hospitalini mwao. Tarehe 16 Aprili anatoka mikononi mwa Holborn na siku hiyo hiyo anapokelewa Lambeth. Mimi nasoma hapo kuhamishwa: Holborn imetafuta, imeona makazi yake kisheria ni Lambeth kwa mumewe, imerudisha mzigo. Miaka minane tangu atengane na William, jina la William bado ndilo linaloamua alale wapi.

Wingi wa majina ya mahali katika kipindi hiki humpotosha msomaji afikiri ni tabia ya kuzurura. Mpangilio wa tarehe unaonyesha kitu kingine. Amepoteza nyumba mwanzoni mwa majira ya baridi, na anapita kwenye milango yote inayomlazimu mtu kumfungulia.

Tarehe 12 Mei 1888 akapata kazi. Ilikuwa kazi ya nyumbani kwa familia moja Wandsworth, na kutoka huko alimwandikia baba yake. Barua hiyo ilifika mbele ya uchunguzi wa kifo, ikachapwa magazetini, na ndiyo mahali pekee katika kisa kizima ambapo Polly anazungumza mwenyewe. Inasema, kwa Kiswahili changu:

"Naandika kukujulisha tu, utafurahi kusikia kwamba nimetulia mahali pangu papya na mpaka sasa naendelea vizuri. Watu wangu walitoka jana na hawajarudi, kwa hiyo nimeachiwa nyumba. Ndani ni pa fahari, kuna miti na bustani mbele na nyuma. Kote kumetengenezwa upya. Hawanywi pombe, tena ni watu wa dini, kwa hiyo natakiwa nifanikiwe. Ni watu wazuri sana, na kazi si nyingi mno. Natumaini hujambo na kijana amepata kazi. Basi kwaheri kwa sasa. Wako, Polly. Nijibu upesi, tafadhali, unijulishe hali yako."

Isome taratibu. Kijana anayemuulizia ni mwanawe mkubwa, yule aliyekuwa akiishi kwa babu. Kuhusu watu wasiokunywa, anamwambia mtu ambaye miaka mitano nyuma waligombana naye kwa ajili ya pombe. Anamtoa wasiwasi bila kuutaja ugomvi. Na anajivunia kuachiwa nyumba, yeye ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa mtu wa kuhesabiwa kitandani na kupigiwa mhuri nguoni. Hakuna daftari lolote lililowahi kuuliza mambo hayo. Mzee alijibu barua, hakupata jibu tena.

Tarehe 12 Julai aliondoka kwa familia ile, na mwajiri akaarifu kwamba ameondoka na nguo zenye thamani ya pauni 3 na shilingi 10. Hilo limeandikwa mara nyingi kama jambo lililothibitishwa. Ni kauli ya mwajiri kwa nyumba ya maskini iliyompeleka mfanyakazi, na mwajiri ndiye aliyepata hasara. Naamini kuna kitu alichukua. Siwezi kukiita hukumu ya mahakama, na kwenye mti wa ukoo ningekiandika kama kilivyo: alidaiwa na mwajiri kuondoka na nguo.

Mwezi Agosti alikuwa akilala Thrawl Street, Spitalfields, kwenye chumba cha wanawake, peni 4 kwa usiku, halafu kwenye nyumba nyingine Flower and Dean Street. Aliyelala naye chumba kimoja Thrawl Street ndiye rafiki wa mwisho kuzungumza naye, yapata saa nane na nusu usiku, pembeni mwa Whitechapel Road. Polly alimwambia kwamba pesa ya kitanda aliipata mara tatu siku ile na kuitumia yote.

Magazeti, na jinsi ya kuyasoma

Uchunguzi wa kifo ulianza tarehe 1 Septemba 1888 chini ya Wynne Baxter, afisa mchunguzi wa vifo wa eneo hilo, na ukaamua kwamba ameuawa kwa makusudi na mtu au watu wasiojulikana. Kumbukumbu zake rasmi hazikubaki. Polisi waliacha faili, lipo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew. Lakini ushahidi wa mashahidi, ikiwemo barua ya Polly, tunao kwa sababu tu waandishi wa habari walikaa chumbani wakaandika kwa kasi. Kwa hiyo magazeti hapa si chanzo cha kando. Ndiyo chanzo.

Ukiweka taarifa za magazeti mawili kuhusu siku moja kando kwa kando, utaona kila mwandishi amesikia kwa sikio lake. Yule rafiki wa Thrawl Street anaitwa Ellen kwenye gazeti moja, Emily kwenye jingine, na kwingine amepewa jina tofauti kabisa, Jane Oram. Polly mwenyewe ni Nichols hapa, Nicholls pale. Maneno ya William aliposimama mbele ya jeneza, kwamba anamsamehe, yamechapwa kwa sura zaidi ya moja, na sura zote ni fasaha kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa akitetemeka. Kanuni yangu ni nyepesi: neno linalopatikana kwenye magazeti mawili yasiyonakiliana nalichukua, neno zuri linalopatikana kwenye moja tu naliacha kando mpaka lipate mwenzake.

Kwenye kutafuta, tahajia ndiyo inayoangusha wengi. Hifadhi kubwa ya mtandaoni ya magazeti ya Uingereza, British Newspaper Archive, iliyofunguliwa mwaka 2011, hutafuta maneno ambayo kompyuta imeyasoma kwenye picha za kurasa chakavu, na husoma vibaya. Tafuta jina kwa tahajia zote, kisha tafuta bila jina kabisa: mtaa, kazi, jina la baba, jina la mwajiri. Usitafute pia kwa majina yaliyokuja baadaye. Barua iliyolizaa jina la Jack the Ripper ina tarehe 25 Septemba 1888 na ilichapwa Oktoba, Polly akiwa ameshazikwa tangu tarehe 6 Septemba. Anayetafuta kwa jina hilo hapati hata mstari mmoja wa wiki ambayo baba, mume na mwana walimsindikiza makaburini.

Kuhusu tarehe, mara nyingi daftari humshinda ndugu. Edward Walker alisema mara ya mwisho kupata habari za binti yake ilikuwa kabla ya Pasaka. Pasaka ya mwaka 1888 ilikuwa tarehe 1 Aprili, wakati Polly alikwenda Wandsworth Mei. Alisema binti ameolewa miaka 22, ilikuwa 24. Alisema ana miaka 42, na kibao cha shaba kwenye jeneza kikaandikwa hivyo hivyo, 42, ilhali siku tano kabla ya kufa alikuwa ametimiza 43. Mzee huyu huyu ndiye aliyemtambua kwa alama ndogo kwenye paji la uso, aliyokuwa nayo tangu mtoto. Rejesta zote za Lambeth hazikuwa na alama hiyo. Na alipoulizwa kama binti yake alikuwa na maadui, alisema hafikiri, alikuwa mwema mno kwa hilo.

Anayeijenga upya historia hii, au ya bibi yake mwenyewe aliyepita London ya wakati ule, aanze na rejesta za bodi za maskini zilizohifadhiwa na The London Archives, azipange kwa tarehe, aandike mbele ya kila mstari ni nani aliyekuwa akidaiwa, ndipo afungue magazeti. Kwa watoto wa Polly kazi inakuwa nyepesi zaidi. Sensa zilizofuata zinawafuatilia mmoja mmoja, na ile ya mwaka 1911 ndiyo ya kwanza ambayo fomu zenyewe za kaya zimehifadhiwa England na Wales, si nakala za karani peke yake, kwa hiyo kwa kizazi hicho unaweza kukuta mwandiko wa mwenye nyumba mwenyewe.